Dokta Remmy na nyimbo za mnyonge: wimbo tuliouzima Bwera

Hii ndiyo insha yetu ya historia ya mwezi huu. Safari hii hatuandiki juu ya vita wala juu ya mipaka waliyoichora Wazungu. Tunaandika juu ya albamu moja ya muziki. Msicheke kwanza. Mkifika mwisho mtaona kwamba ni historia kweli kweli, na sehemu yake moja ni kosa letu sisi wenyewe.

Tuanze na kosa, tusilifiche.

Mnajua Jumamosi jioni tunakuwa na muziki kwa vijana. Spika moja, simu moja, turubai la kukalia. Tulipoanza tulijiwekea sheria: hakuna nyimbo za huzuni. Tuliona ni busara. Watu wanavuka mto Lhubiriha wakiwa na mtoto mgongoni na sufuria mkononi, wameshaona mengi huko nyuma, sasa kwa nini tuwaongezee? Kwa hiyo tulipiga za kuruka tu, za Kampala na za Kinshasa, na kila mtu akaonekana ana furaha.

Jioni moja akaja kijana mgeni kutoka upande wa Beni. Alikuwa na memori kadi ndani ya kikaratasi. Akaomba tupige wimbo mmoja tu. Tukauweka. Magitaa yakaingia vizuri, tukaanza kutikisa vichwa, kisha sauti ya mwanamume ikaanza kuimba na tukasikia ni masikitiko. Tukatazama jina kwenye simu: Nasikitika. Haikufika dakika mbili, mmoja wetu akauzima. Tukasema, "Kaka, hapa hatupigi hizo." Yule kijana hakubishana. Akaomba kadi yake, akaikunja tena kwenye kikaratasi, akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja, na iliyofuata tena hakuja.

Baadaye kidogo tulikuwa tunaongea na dada mmoja mfanyakazi wa misaada, Mzungu, aliyevaa fulana nyeusi yenye picha za mifupa. Tulimuuliza kwa utani kama amejiunga na wachawi. Akacheka, akatueleza kwamba ni bendi aliyoipenda alipokuwa na umri wetu: My Chemical Romance, ya New Jersey, Marekani. Aina ya roki wanayopiga wengi huiita emo, jina lililokatwa kutoka neno lenye maana ya hisia. Albamu yao ya mwaka 2006, The Black Parade, inasimulia habari za mgonjwa wa saratani anayekaribia kufa. Na bendi yenyewe, alisema, mwimbaji wake aliianzisha baada ya kuyaona kwa macho mashambulio ya New York ya Septemba 2001. Vijana wengi waliokuwa na huzuni wasiyoweza kuisema nyumbani waliiimba albamu hiyo kwa sauti kubwa, na mpaka leo, wakiwa watu wazima wenye watoto, bado wanaiimba.

Tukamuuliza, "Haikuwazidishia huzuni?" Akajibu kwamba kwake ilikuwa kinyume. Ilimwonyesha hayuko peke yake.

Hapo mzee mmoja aliyekuwa anangoja zamu yake ya maji, mtu wa Butembo, akaingilia. "Nyinyi batoto munashangaa mambo ya Bazungu," akasema, "na Remmy munamuacha. Huyo ni mutu wetu wa Kindu." Tukamuuliza Remmy yupi. Akatutajia nyimbo, moja baada ya moja, na katika kuzitaja akafika kwenye Nasikitika. Tukatazamana. Hatukuwa na la kusema.

Ndiyo sababu ya insha hii.

Mtu wa Kindu

Jina lake kamili ni Ramadhani Mtoro Ongala. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, Maniema, mji ulio kando ya mto Lualaba. Ona lile jina la katikati: Mtoro. Nani kati yetu hajaitwa hivyo?

Wengi wa Uganda hushangaa Mkongo kuimba Kiswahili safi. Lakini Kiswahili kilifika Maniema zamani, karne ya 19, pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotoka Zanzibar, enzi za Tippu Tip aliyekuwa na makao yake Kasongo. Lugha iliingia na minyororo. Minyororo ikaondoka, lugha ikabaki, watu wakaifanya yao, wakabembelezea watoto. Kwa hiyo Remmy alipokuja kuimba Dar es Salaam hakuwa anaazima lugha ya watu.

Yeye mwenyewe alikuwa anasimulia kwamba mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake, akaenda kwa mganga, na mtoto alipozaliwa alikuwa tayari na meno mawili ya mbele. Kwa watu wa kwao hiyo ni dalili ya uganga, na mtoto wa namna hiyo hakatwi nywele. Ndipo lilipotoka jina la Dokta, na zile nywele ndefu za kusokota ambazo watu walidhani ni za Kirasta tu. Wazazi wake walifariki, akabaki yatima angali kijana. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka mji wa Kindu. Remmy alikuwa na miaka 17, umri wa wengi wanaokuja Jumamosi kwenye turubai letu. Gitaa ndilo lililokuwa kazi yake, akazunguka na bendi moja na nyingine.

Mwaka 1978 akafika Dar es Salaam. Aliyemwita ni mjomba wake, Mzee Makassy, mwenye Orchestra Makassy, bendi iliyokuwa imeanzia hapa Uganda, Kampala, kabla ya kuhamia Tanzania. Kumbukeni mwaka huo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, vita vikaanza, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Watu walikuwa wanahama kila upande, wanamuziki wakiwa miongoni mwao.

Hapa tuseme ukweli ili mtu asije akatusahihisha. Hatudai kwamba Remmy alikuwa mkimbizi kama sisi. Alikwenda kutafuta kazi na alikuwa na ndugu wa kumpokea. Lakini mgeni alikuwa mgeni. Na hakuwa peke yake. Orchestra Maquis du Zaire nayo ilitoka Kongo ikajikita Dar es Salaam miaka hiyo ya 1970. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipita Kampala kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1977, na huko akaunda bendi akaipa jina la Virunga, milima yetu. Ukiondoa Wakongo waliovuka mpaka, muziki wa dansi wa Afrika Mashariki unabaki na mashimo mengi.

Bendi ya kijiji, sauti ya mnyonge

Makassy walipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy alibaki Dar es Salaam. Akaingia Orchestra Matimila, bendi iliyobeba jina la kijiji cha kusini mwa Tanzania. Baadaye ikaitwa Super Matimila. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi na mtunzi, na muziki wao akaupa jina la ubongo, maana aliutaka uingie kichwani usiishie miguuni.

Wakati huo Tanzania ilikuwa na hali ngumu. Vita vya Amin vilikuwa vimekula fedha, bidhaa zilikuwa adimu, na Mwalimu Nyerere akang'atuka urais mwaka 1985. Bendi hazikuwa na kampuni za kurekodi kama za Nairobi. Ulikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, mkarekodi pale, redio ikapiga. Watu nao wakarekodi kutoka redioni kwenye kaseti, na kaseti zikasafiri kuliko wanamuziki. Mzee wa Butembo anasema yeye alimsikia Remmy kwa kaseti iliyokuwa imenakiliwa mara nyingi mpaka sauti ikawa kama inatoka kwenye pipa.

Katika nyimbo nyingi za dansi za wakati ule mwanamume anamlilia mwanamke. Remmy naye aliimba mapenzi, lakini alifungua mlango mwingine. Aliimba mtu asiye na kitu. Aliimba mama anayelilia mtoto asiyempata, katika Nalilia Mwana. Katika Kifo alikizungumzia kifo bila kukizungushia maneno. Neno alilolishika zaidi ni mnyonge. Mnyonge si maskini wa fedha peke yake. Ni mtu ambaye akisema hasikilizwi. Ni yule anayesimama kwenye foleni tangu asubuhi, akifika mbele anaambiwa karatasi yake haijakamilika.

Hakuogopa pia mambo ambayo watu waliyasema chini chini. Ukimwi ulipozidi, alitoa Mambo kwa Soksi, wimbo wa kuhimiza kondomu. Redio ya taifa ilikataa kuupiga. Watu waliujua hata hivyo, kwenye kumbi na kwenye kaseti.

Albamu yenyewe

Kaseti moja ikafika Uingereza, kwa watu wa WOMAD, tamasha la muziki wa dunia ambalo Peter Gabriel alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Wakamwalika Remmy na Super Matimila mwaka 1988, na mwaka 1989 wakarudi tena. Peter Gabriel alikuwa ndiyo kwanza ameanzisha lebo ya Real World, na studio yake iko kwenye kijiji kiitwacho Box, kusini magharibi mwa Uingereza. Huko ndiko ilikotengenezwa Songs for the Poor Man, ikatoka mwaka 1989, kati ya albamu za mwanzo kabisa za lebo hiyo. Jina lake ni la Kiingereza na maana yake ni nyimbo za mtu maskini. Zilizomo ndani ni za Kiswahili.

Yasomeni majina tu. Nasikitika. Usingizi. Sauti ya Mnyonge. Kipenda Roho. Muziki Asili Yake Wapi. Halafu majina ya wanawake: Karola, Pamela, Mariamu. Ni kama orodha ya mambo yanayomkosesha mtu raha usiku.

Sasa ni kitu gani kinaifanya isife? Zaidi ya miaka thelathini imepita, aliyeimba hayupo, kaseti zimeoza, na bado kijana wa Beni anavuka mpaka nayo ndani ya kikaratasi. Tulibishana sana jambo hili, tukakubaliana juu ya matatu.

La kwanza, maneno yake ni mepesi. Hakuna fumbo la kumpita mtu. Anaimba kama mtu aliyekaa kwenye benchi mnaongea, anasimama, anarudia, anakuuliza swali. Mama asiyesoma anaelewa, mtoto anaelewa. Na kwa sababu ni Kiswahili, Mnande wa Butembo anaelewa, Mbembe wa Fizi anaelewa, na Mkonzo wa Bwera mwenye duka sokoni Mpondwe anaelewa kiasi chake.

La pili, anahuzunika huku muziki unacheza. Hili ndilo linalomtofautisha na ile roki ya dada yetu. Kule huzuni inapiga kelele, gitaa linalia kama mlango wa bati kwenye upepo. Kwa Remmy magitaa yanasokotana kama mkeka, moja linauliza, jingine linajibu, ngoma zinatembea, na wewe unajikuta miguu inacheza na macho yana machozi. Kwetu hilo si geni. Kwenye matanga si watu hulia, halafu wakaimba, halafu wakacheza mpaka asubuhi? Mwili nao unahitaji njia ya kutolea huzuni.

La tatu, hakai juu ya msikilizaji. Nyimbo nyingi za mawaidha zinatoka juu kuja chini: fanyeni hivi, acheni vile. Remmy anasema nasikitika. Anaanza na yeye mwenyewe. Ukimsikia mtu mkubwa, mwenye jina, anasema waziwazi kwamba anaumia, unapata ruhusa.

Ruhusa. Hilo ndilo neno tulilolitafuta muda mrefu. Sisi vijana wa kiume hasa tumefundishwa kwamba mwanamume halii. Tunavuka mpaka tukiwa tumezika watu, tunasajiliwa, tunapewa uji, tunajibu maswali ya kwenye fomu: jina, kijiji, idadi ya familia. Fomu inauliza mmebaki wangapi. Hakuna mahali pa kuandika kwamba nasikitika.

Na huzuni si ya waliotoka ng'ambo peke yao. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapa hapa Mpondwe, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Waliozoea kutuambia poleni, tukawaambia sisi poleni. Mto ni mmoja, na Kinande na Lhukonzo ni watoto wa mama mmoja. Tangu siku ile hakuna upande wa mpaka ulio na haki ya kujiona umepona.

Tulichokifanya

Tuliifuta ile sheria. Tukapata albamu yote kwenye intaneti, na Jumamosi moja tukaipiga kuanzia mwanzo hadi mwisho, spika ile ile, turubai lile lile. Tulimwalika mzee wa Butembo, akakaa mbele kama mgeni rasmi. Wimbo wa kwanza ulipoanza wengine walicheka kwa aibu. Ulipofika wa tatu hakuna aliyecheka. Mmoja wetu, ambaye tangu tumjue anasema utani tu, alifunika uso kwa kofia. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo aliishusha chini, akasimama mpaka mwisho.

Tusiwadanganye kwamba yote yalikwenda sawa. Msichana mmoja aliondoka analia na kwa dakika kadhaa hakuna aliyemfuata, maana kila mtu alidhani mwingine atamfuata. Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba muziki wa namna hii unaweza kumzamisha mtu ambaye tayari maji yamemfika shingoni. Wana haki. Kwa hiyo sasa tuna utaratibu: wawili wetu hawachezi, kazi yao ni kuangalia nani ameondoka na kwenda kukaa naye. Sio kumhutubia, ni kukaa tu. Akihitaji zaidi, tunampeleka kwa wale waliosomea ushauri. Na hatumalizi jioni na wimbo wa kilio. Tunamalizia na wa kucheza, tunaagana tukiwa na jasho.

Kwenu wafanyakazi wa misaada mnaotusoma: mnatuletea mipira na jezi, na tunashukuru. Lakini msiogope pale vijana wanapotaka kusikiliza kitu kizito. Kijana anayechagua wimbo wa huzuni hajaharibika. Mara nyingi anajaribu kusema jambo na hajapata maneno yake mwenyewe, kwa hiyo anaazima ya Remmy.

Kituo kinachoitwa kwa jina la mgeni

Remmy alikuja kuokoka, akazikata zile nywele, akaimba nyimbo za injili. Maradhi yalimsumbua miaka mingi, na tarehe 13 Desemba 2010 akafariki Dar es Salaam. Hakurudi kuishi Kindu.

Lakini Dar es Salaam, mtaa wa Sinza, kuna mahali panaitwa Sinza kwa Remmy. Wanaopanda daladala wanasema hivyo kila siku, "nishushe kwa Remmy," na vijana wengi wanaosema hivyo hawajui hata wimbo wake mmoja. Mtu aliyezaliwa ukingoni mwa Lualaba, yatima, mgeni mwenye gitaa, amekuwa njia ya watu kuelekezana nyumbani. Sisi tunaoulizwa kila mara tutarudi lini kwetu, tunalipenda jambo hilo. Mtu anaweza kufika mahali bila kitu, na mahali pakaja kulichukua jina lake.

Tumalizie na wewe kijana wa upande wa Beni. Tulikutafuta, tukaambiwa ulipanda basi na familia yako na hatukujua ni makazi gani mlipelekwa. Mtu aliyekuwa jirani yako alituambia kadi ile ilikuwa ya baba yako, na kwamba ulikuwa umemzika wiki chache kabla ya kuja kwetu. Hatukujua. Lakini hatukuuliza pia, na hilo ndilo kosa. Tuliuzima wimbo wa baba yako kabla haujafika dakika mbili. Tunakuomba radhi sote, kila aliyekuwa pale, si yule aliyebonyeza simu peke yake.

Kama insha hii itakufikia, popote ulipo, usione haya kutuandikia. Na kama haitakufikia, wenzetu mlio Kyaka, Rwamwanja na Kyangwali, tunawaomba jambo moja: akija kijana na memori kadi ndani ya kikaratasi, pigeni wimbo wake mpaka mwisho.

Tuonane Jumamosi.